Malalamiko Kuhusu Sikio la Kushoto la Paka Vezir

Nusret Sazlık,
Mtaa wa Mierebi, nyumba namba 14 (chumba cha kushoto),
Van.

27 Ramadhani

Mkurugenzi,
Ofisi ya Kuandikisha Paka Weupe,
Van.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUPINGA MSTARI WA NNE WA CHETI CHA PAKA WANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, hasa upande wake wa kushoto.

Mimi ni mstaafu wa posta. Nimebeba barua za mji huu kwa miaka thelathini na moja, katika theluji ya kufika kiunoni na katika matope ya Aprili, na kwa muda wote huo iliyonipotea ni moja tu, nayo anwani yake ilikuwa imeandikwa na mlevi. Nakueleza haya si kwa kujisifu, ingawa ningejisifu nisingekosea, bali ujue kwamba anayekuandikia anaelewa maana ya ujumbe kufika na maana ya ujumbe kutofika.

Jumanne iliyopita nilimleta ofisini kwenu paka wangu, Vezir, kwa miguu yangu, ndani ya kikapu cha samaki nilichokiosha mara mbili. Tangazo lenu lilisema kila mwenye paka mweupe wa asili ya hapa amlete aandikishwe. Sikutegemea matatizo. Vezir ni mweupe tangu pua hadi mkia, jicho la kushoto bluu, la kulia rangi ya asali, na kila kiangazi huogelea ziwani kwa hiari yake, jambo ambalo wageni hulipiga picha na sisi wenyeji hatugeuzi hata shingo. Nilitegemea cheti, mhuri na pongezi. Nikapewa cheti na mhuri.

Mstari wa kwanza wa cheti unasema: mweupe. Sawa. Wa pili: macho ya rangi mbili. Sawa. Wa tatu: dume, miaka kumi, meno mazuri. Nashukuru. Mstari wa nne unasema: "Sikio la kushoto halisikii, wala halijapata kusikia."

Mheshimiwa, mstari huo unanivunjia nyumba. Naomba ufutwe. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kwanza huna budi kuijua kazi ya Vezir.

Naishi nyumba moja na ndugu yangu Haydar, fundi saa. Mimi ni mgane, yeye hakuoa. Sisi ni mapacha wa kufanana, tena wa kufanana hasa: tulipozaliwa walitufunga nyuzi mkononi ili watutofautishe, na nyuzi zikakatika siku ile ile. Mkunga alifariki bila kusema nani alitangulia. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa huruma. Mimi aliniambia kwa siri kwamba mkubwa ni mimi. Haydar naye akaambiwa kwa siri kwamba mkubwa ni yeye. Siri hizo mbili zilikaa salama miaka hamsini na tisa, mpaka Idi ya kwanza baada ya mazishi yake.

Siku ya Idi mdogo humwendea mkubwa, humbusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso. Wewe mwenyewe umefanya, na umefanyiwa. Asubuhi ile nilinyoa ndevu, nikavaa suti, nikapanga peremende kwenye sahani, nikaweka chupa ya marashi ya limau pembeni, nikakaa chumbani kumngoja mdogo wangu. Chumba cha pili Haydar naye alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti, amepanga peremende, ananingoja mimi. Tulingojana mpaka adhuhuri. Tulingojana mpaka alasiri. Ukuta ulio kati yetu ni wa mbao. Nilimsikia akikohoa, naye alinisikia nikisogeza kiti. Jua lilipozama niliapa kwamba sitamsemesha Haydar mpaka aje aubusu mkono huu. Kupitia mbao zile nikamsikia naye anaapa, maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Tangu siku hiyo tumenuniana. Sasa ni miaka tisa.

Lakini nyumba yetu ina jiko moja la kuni, nawe unaijua baridi yetu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili watu wawili walionuniana inabidi wakae pande mbili za jiko hilo hilo, na lazima mmoja aseme kuni zimekwisha. Ndipo Vezir alipopata kazi. "Vezir, mwambie huyo bwana kuni zimekwisha." "Vezir, mwambie aliyesema kwamba jana nilizibeba mimi." Taratibu ni mbili tu: lazima uanze kwa kulitaja jina la paka, na lazima umtazame paka. Mimi nimezifuata taratibu hizo kama nilivyozifuata kanuni za posta. Kwa hiyo kisheria, mheshimiwa, kwa miaka tisa mimi sijamsemesha Haydar hata neno moja. Nimezungumza na paka.

Sasa ofisi yako imetoa karatasi yenye mhuri inayosema tarishi wetu ana kasoro.

2. Sina ugomvi na Daktari Pervin aliyempima. Ni binti mpole, mikono yake ina joto, na Vezir alimwachia afanye apendavyo, jambo ambalo mimi hajanifanyia. Alimbandika vijiwaya kichwani, akampigia mlio sikio moja moja, mashine ikachora mistari miwili. Mstari wa sikio la kulia ulikuwa na vilima. Wa kushoto ulikuwa umelala tambarare.

Nilimwambia arudie, pengine paka alikuwa anawaza. Akarudia. Ukalala tena.

Kisha akanieleza sababu, na hapo ndipo aliponiumiza zaidi, ingawa hakukusudia. Alisema mbegu za rangi za mnyama hutokea mgongoni, akiwa bado tumboni mwa mama yake, halafu husafiri kwenda kila mahali: nyingine kwenye manyoya, nyingine kwenye jicho, nyingine ndani kabisa ya sikio, ambako zina kazi ya kuliwezesha lisikie. Katika paka weupe kama wetu nyingi haziendi mbali. Zisipofika kwenye jicho, jicho linabaki bluu. Zisipofika kwenye sikio, sikio linakufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Si kila wakati, alisema, lakini mara nyingi upande wenye jicho la bluu ndio upande usiosikia.

Yaani, mheshimiwa, kifurushi kilitumwa na hakikufika. Nilimwuliza daktari njia hiyo ilikuwa chini ya nani. Akacheka. Mimi sikuwa natania. Kwenye kata yangu jambo kama hilo lingefanyiwa uchunguzi.

3. Hata hivyo ningeweza kuvumilia. Sikio moja zima linatosha. Mimi mwenyewe la kulia linanipigia filimbi tangu nistaafu. Lakini nilipokuwa namrudisha Vezir kikapuni, daktari akaongeza neno, kama mtu anayekumbuka kukurudishia kofia yako. Alisema, "Mzee wangu, usihofu, anakusikia vizuri tu. Asichojua ni sauti inatoka wapi. Mwenye sikio moja hudhani kila kitu kinatoka upande huo unaosikia."

Nilirudi nyumbani nikaangalia mkao wetu. Mto wa Vezir uko mbele ya jiko. Hulala uso ukielekea moto. Kushoto kwake kuna kiti changu. Kulia kwake kuna kiti cha Haydar. Viti hivyo havijahama kwa miaka tisa kwa sababu anayehama ndiye aliyekubali kushindwa.

Umeshaliona jambo lenyewe? Mimi lilinichukua mpaka futari. Kwa miaka tisa, kila nililosema, Vezir amelipokea kama limesemwa na Haydar.

Ndipo nikaelewa mambo mengi. Kila majira ya kuchipua samaki wanapopanda mtoni, mimi ndiye ninayekwenda sokoni, mimi ndiye ninayemchambulia miiba, mimi ndiye ninayesema, "Vezir, njoo, nimekuletea mimi." Naye huinuka, hujinyoosha, huenda kujisugua kwenye suruali ya Haydar. Nilidhani ni utovu wa shukrani. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika mwezi huu mtukufu. Kumbe maskini alikuwa anashukuru panapostahili, kwa kadiri ya taarifa alizokuwa nazo. Na nilipomkaripia kwa kulala juu ya mkate, alimkazia Haydar macho ya chuki siku nzima. Hilo la pili, nakiri, lilinifurahisha kila mara.

Barua zangu zote, mheshimiwa, zimeingia kwa jina la mtumaji mwingine. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi ile na sijawahi kuona uchafuzi wa namna hii.

4. Ofisi yako pia inawajibika kwa aibu iliyonipata siku hiyo hiyo jioni.

Daktari Pervin, alipoona uso wangu umebadilika, alinikalisha na kunisimulia maajabu mengine ya wanyama ili nitulie. Alisema watoto wote wa paka huzaliwa na macho ya bluu, na rangi yao ya kweli huja baadaye. Alisema paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na dume wa rangi tatu hutokea mmoja katika maelfu, na kwa kawaida hawezi kuzaa. Alisema pia kwamba watoto wa paka wa uzao mmoja, waliotoka tumbo moja siku moja, wanaweza kuwa na baba tofauti kila mmoja.

Hayo si mambo ya kumwambia mtu bila kumtahadharisha. Nilikaa nayo njiani kote. Nilipofika nyumbani, Haydar akiwa na saa yake mkononi, nilisema, "Vezir, mwambie huyo kwamba sayansi imegundua waliozaliwa pamoja si lazima wawe na baba mmoja. Hilo lingeeleza mengi kuhusu tabia zake."

Haydar hakuinua kichwa. Alisema, "Vezir, mwambie huyo kwamba mama yake anamsikia aliko."

Nilimwomba Mungu msamaha mara tatu, na mama yangu mara saba. Mama yetu alikuwa mwanamke safi kama theluji ya mlimani, na baba yetu alikuwa mmoja, na pua zetu zinalithibitisha hilo kutoka mbali. Lakini neno lilikwisha kutoka, na sielewi limeandikwa kwa jina la nani.

5. Jirani yetu Dada Gülizar, ambaye alitupa Vezir akiwa na ukubwa wa ngumi, na ambaye mwenyewe ana paka wa rangi tatu (jike, kama sayansi ilivyoagiza), alisikia habari ya cheti kabla sijavua viatu. Alikuja na sahani ya jibini lililochanganywa na majani ya mlimani, akasimama mlangoni na kusema mbele yetu sote wawili, "Tangu lini paka akawa tarishi? Nyie wazee mnasemezana kila siku ya Mungu. Mnamtazama paka ili msione haya, basi."

Niliondoka chumbani. Haydar pia aliondoka chumbani. Tulikutana mlangoni tukarudi ndani.

Unaona hatari ilivyo. Mwanamke huyo hana ushahidi wowote isipokuwa macho yake, na sasa ofisi ya serikali inamkabidhi mhuri. Kama sikio la kushoto halisikii, atasema mimi, ninayekaa kushoto, sikuwa na tarishi. Kama sikuwa na tarishi, nilikuwa nazungumza na aliyekuwa anasikia. Na aliyekuwa anasikia ni Haydar. Basi mimi ndiye niliyevunja kiapo, tena si jana, bali tangu jioni ya kwanza niliposema kuni zimekwisha, na Haydar, anayekaa upande mzima, kiapo chake kiko palepale kama kilivyotoka kiwandani. Na mwenye kuvunja kiapo kwanza, mheshimiwa, ndiye mdogo.

Mimi si mdogo.

6. Kuna jambo moja ambalo sikutaka kuliandika. Naliandika kwa sababu karatasi ni ndefu na Haydar ameenda msikitini.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Haydar alipatwa na homa ya mapafu. Hospitali ilimruhusu arudi, wakasema akae karibu na moto, anywe vitu vya moto, na tungoje. Nilimwekea godoro palepale upande wake wa jiko. Siku ya tatu alikuwa anapumua kwa sauti ya msumeno butu, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sikujua kama yuko macho. Nilikaa kwenye kiti changu, nikamtazama Vezir kama taratibu zinavyosema, nikasema, "Vezir, mwambie asiniache peke yangu na viti viwili. Mwambie naogopa. Mwambie hata akitaka kuwa mkubwa, tutalizungumza."

Vezir aliinuka. Alijinyoosha. Akaenda kulala kifuani kwa Haydar.

Kwa miaka miwili nimeamini kwamba aliufikisha ujumbe wangu. Nililala vizuri kwa sababu hiyo. Nilijiambia: umetuma, umeuona umechukuliwa, umeuona umefikishwa kwa mhusika mwenyewe mkononi, hiyo ni barua ya rejista iliyotiwa saini. Sasa daktari wako ananiambia paka alisikia maneno yale yakitoka kwa Haydar mwenyewe, akamwendea Haydar kwa kudhani ni Haydar aliyemwita. Yaani hakwenda kufikisha chochote. Alikwenda kuitikia.

Kati ya yote niliyosema kwa miaka tisa, ya kuni, ya chumvi, ya kufunga mlango, ule ndio ujumbe mmoja niliotaka ufike.

7. Kwa hiyo, baada ya kueleza hali, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi wake:

(a) Mstari wa nne ufutwe, na badala yake kuandikwe: "Masikio mawili." Si uongo. Anayo mawili, nimeyahesabu.

(b) Kama hilo haliwezekani, basi Vezir atangazwe kuwa ni tofauti na wenzake. Kama kuna dume mmoja wa rangi tatu katika maelfu, na sayansi haikuanguka, basi sayansi inaweza pia kubeba sikio moja linalosikia chini ya jicho la bluu. Daktari mwenyewe alisema si kila wakati. Mimi naomba Vezir awekwe kwenye hiyo nafasi iliyobaki.

(c) Kama hilo nalo ni gumu, ofisi inipatie kwa mkopo paka wa pili, mwenye bluu upande wa kulia, alale kwenye mto mmoja na Vezir. Hapo kila mmoja wetu atakuwa na sikio lake, na hesabu itakwenda sawa kuanzia sasa. Kwa miaka tisa iliyopita tutaona namna.

(d) Kama hamna paka wa namna hiyo, Haydar aamriwe kwa barua rasmi kubadilishana kiti na mimi kwa muda wa miaka tisa kamili. Sote tuna miaka sitini na minane. Muda huo ukiisha tutakuwa na sabini na saba, na tutakuwa sawasawa. Barua hiyo itoke kwenu, isionekane imetoka kwangu.

(e) Kama yote hayo yameshindikana, naomba mje na mashine yenu nyumbani, mumbandike Haydar vijiwaya kichwani, mniambie tu kama siku ile ya homa sikio lake lilikuwa na vilima au lilikuwa limelala. Sihitaji cheti. Neno moja litanitosha.

Natumaini ombi langu litapokelewa kwa moyo ule ule nilioliandikia. Nisalimie Daktari Pervin, mwambie Vezir hana kinyongo naye. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia kikapu, na yule paka wenu mnene anayelala juu ya faili za herufi S, ambako nadhani jina langu limo. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na kama kwako inajulikana nani ni nani, mshukuru Mungu. Nawatakia mwisho mwema wa mfungo na Idi yenye heri.

Wako katika kuhakikisha kilichotumwa kinafika,

Nusret Sazlık
(Mkubwa)

Nakala: Vezir. Asomewe kwa upande wa kulia.

TANBIHI. Mheshimiwa, naongeza haya kwa kalamu nyingine, ile ya kwanza imeisha wino.

Jana baada ya futari, kabla ya kuifunga bahasha, nilitaka kumsomea Vezir nakala yake kama nilivyoandika. Kwa kuwa sasa najua upande unaosikia, sikukaa kwenye kiti changu. Nilisimama kulia, kando kabisa ya kiti cha Haydar, miwani usoni, na nikasoma yote kwa sauti, kuanzia anwani. Haydar alikuwa amefungua saa ya mtu magotini. Nilipofika namba sita sauti yangu ilifanya mambo yake, lakini nikaendelea. Nilipomaliza nikavua miwani kumtazama Vezir kama taratibu zinavyosema.

Mto ulikuwa mtupu. Kumbe alikuwa kwa Dada Gülizar tangu tulipofuturu. Nilikuwa nimesoma barua nzima chumbani bila paka.

Haydar aliweka koleo yake chini. Hakuita jina la paka. Aliniita mimi.

"Nusret," alisema. "Upande wako hasikii tangu zamani, mimi najua tangu mwaka wa kwanza. Nilidondosha sufuria nyuma yake, akageukia upande usio wenyewe. Paka hakujua anayesema ni nani. Mimi nilijua."

Nilimwuliza, "Hata siku ile ya homa?" Nilimwuliza yeye, mheshimiwa, uso kwa uso, sikutafuta mahali pengine pa kutazama.

"Siku ile hasa," akasema. "Ndiyo maana nilipona, nani angekaa nawe."

Kwa hiyo mstari wa nne uacheni ulivyo. Ni kweli, sikio halisikii, wala halijapata kusikia, na jambo hilo halijapata kuwa na umuhimu. Maombi (a) hadi (e) nayaondoa yote, pamoja na (e), ambalo limejibiwa. Barua yenyewe naituma hata hivyo kwa sababu stempu nimekwisha kubandika, na sijafundishwa kubandua stempu.

Nimechelewa kuituma kwa kuwa posta imefungwa kwa sikukuu. Leo ni Idi. Asubuhi hatukukaa vyumbani. Tulisimama mbele ya jiko tumevaa suti, tukakubaliana kila mmoja ambusu mwenzake mkono kwa wakati mmoja ili asipatikane mdogo. Haydar alishika saa, akahesabu moja, mbili, tatu. Tukainama pamoja. Tukagongana vichwa kwa kishindo hata sote wawili tukakaa chini sakafuni, tumeshika mapaji ya uso, tunacheka, mpaka Dada Gülizar akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Tulimjibu sote wawili kwa pamoja. Vezir alikuwepo, palepale kwenye mto wake, na hakuna aliyemwambia neno.